Mwandike Wekesa Kabla Hujaondoka

Kitale, Alhamisi usiku

Naliaka mwanangu,

Habari ya sweta nimemaliza. Wiki nzima umenisikia nikipiga kelele juu ya sweta na soksi na ile sufuria ya ugali uliyokataa kubeba, na najua umechoka. Kule sufuria zinauzwa, umesema kweli, ila sijaona hata moja inayovumilia mwiko wetu, utajionea mwenyewe. Mambo mengine ya safari unayajua kunishinda. Wewe ni nesi, umesoma, na Kiingereza chako hakiniachii nafasi. Ninachotaka kukuambia ni kitu ambacho tangu Jumapili nimeshindwa kukisema nikikuangalia usoni, kwa sababu Jumapili mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukubali.

Unakumbuka tulivyokaa. Maombi ya kukuaga yalikuwa yamekwisha, watu wa kanisa wamekwenda, zimebaki soda nusunusu juu ya meza. Ndugu yangu, khocha wako Barasa, alikuwa ametoka Matulo amevaa ile suti yake ya mazishi, kwa sababu hana nyingine. Wewe ulikuwa umempakata Wekesa, naye alikuwa akinyonya huku amekushika kidole. Khocha akaanza kutupangia maisha.

"Hii kitu si rahisi?" akasema. "Naliaka alijaza fomu, mutoto hayuko. Akapimwa na daktari wao, mutoto hayuko. Viza imetoka, bado mutoto hayuko kwa karatasi. Hao watu hawamjui. Sasa tunawaamsha ya nini? Tumwandikishe kwa huyu dada yangu Nasimiyu. Tunasema alizaliwa nyumbani Matulo, naibu wa chifu mimi naongea naye. Halafu Nasimiyu si ni raia wa huko? Atampeleka baadaye kama wake. Bana, hii maneno tumefanya tangu zamani."

Ulinigeukia mimi. Ulikuwa unangoja mtu aliyeishi Kanada miaka kumi na miwili aseme kama jambo hilo linawezekana. Nami nikasema, "Nenda. Mtoto niachie."

Nilisema haraka mno, Naliaka. Khocha alikuwa hata hajafunga mdomo vizuri. Nilijua ukweli wote wa jambo lile kuliko mtu yeyote pale chumbani, na nikanyamaza, na nitakuambia kwa nini nilinyamaza. Lakini kwanza uisikie sheria yenyewe kwa maneno mepesi, maana wakala wako wa viza hakukuambia na mimi niliyekuwa na wajibu wa kukuambia sikukuambia.

Unakwenda kule uwe mkaazi wa kudumu, lakini bado hujawa. Hiyo viza ni ruhusa ya kufika mlangoni tu. Utakuwa mkaazi pale afisa wa uhamiaji atakapomaliza maswali yake ya mwisho na kukuidhinisha. Na miongoni mwa maswali hayo atataka kujua kama kuna lililobadilika katika familia yako tangu ulipoomba: umeolewa, umezaa? Ukisema hapana, wakakupitisha, basi mtoto ambaye hawakumjua siku hiyo hatahesabiwa tena kuwa jamaa yako utakapotaka kumdhamini aje. Hawaulizi kama ulikuwa na nia ya kumleta au la. Hata mtoto anayebaki nyumbani na nyanya yake lazima aandikwe na apimwe na daktari wao, ndipo njia yake ibaki wazi. Zaidi ya hayo utakuwa umewadanganya, na siku wakigundua wanaweza kukunyang'anya hata hayo makazi uliyopewa. Khocha anaposema "baadaye", baadaye hiyo haipo. Mimi niliitafuta kwa miaka mingi.

Hadithi yangu umeisikia vipandevipande. Kukhu, mama yangu, alikupa kipande chake, khocha akakupa chake akiwa amelewa, na mimi nimekuwa nikikupa vile visivyoniumiza. Leo chukua chote.

Nilikuzaa nikiwa kidato cha tatu, katika nyumba ya kukhu yako pale Matulo, mvua ikinyesha, wanawake wawili wa jirani wakishika taa. Kukhu hakunipigia kelele hata siku moja. Alikuosha, akakufunga shuka lake la kanisani, akakuweka kifuani kwake. "Wewe rudi shule," akaniambia. "Huyu mutoto ni wangu sasa. Mimi bado niko na nguvu." Baada ya wiki chache alikwenda kwa naibu wa chifu akaandikisha kwamba amejifungua nyumbani, na cheti chako cha kuzaliwa kikatoka na jina lake mahali pa mama. Mimi nikawa dada yako.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Kwetu hivyo ndivyo msichana anavyookolewa, na mpaka leo ukipita kutoka Webuye hadi Kitale huwezi kuwahesabu watoto wa mwisho wa kina kukhu ambao mama zao ndio dada zao wakubwa. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Nami nilirudi shule. Nilikaa darasani nimejifunga kitambaa kifuani maziwa yasije yakaonekana kwenye blauzi, na nikafaulu mtihani. Nilimshukuru kukhu na bado namshukuru. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba siku moja kungekuwa na watu wa mbali, wasiotujua, ambao hawangekuwa na njia nyingine ya kutufahamu isipokuwa ile karatasi.

Ulipokuwa na miaka sita nilipata kazi ya kumtunza ajuza mmoja Kanada. Alikuwa mama wa watu, mwenye mdomo mchafu na roho nzuri. Nikifanya kazi hiyo kwa muda waliotaka, ningeruhusiwa kuomba makazi ya kudumu pamoja na familia yangu. Hilo ndilo lililonipeleka, Naliaka. Nataka uamini. Sikwenda kukukimbia.

Muda ukafika, nikaipata fomu. Nilikaa nayo jikoni kwa yule ajuza. Ilitaka majina ya watoto wangu wote, wanaokuja na wasiokuja, wanaoishi nami na wanaoishi na wengine. Ilirudia swali hilo kiasi kwamba nilidhani wananijua. Nikampigia kukhu simu.

"Si karatasi inasema ni wangu?" akasema. "Sasa wewe utawaambia nini? Ati chifu aliandika uongo? Wataniita mimi mwongo, hata wewe watakurudisha. Wacha kwanza upate. Ukishapata ndiyo tutapanga."

Rafiki yangu mmoja Mkenya tuliyesali naye akaniambia maneno yale yale. Ningeweza kuwaeleza. Baadaye nilikuja kujua kwamba wengine waliotoka nchi kama yetu walieleza, wakaandika barua, wakapima DNA, watoto wao wakaandikwa. Ilichukua muda mrefu lakini waliandikwa. Mimi niliogopa kuonekana mwongo, nikaona njia ya kuepuka ni kuendelea na uongo uliokuwepo. Mahali pa watoto nikaandika "hakuna".

Niliandika hivyo ukiwa hai, una meno mapya ya mbele, na picha yako iko pale pale kwenye friji ya yule ajuza. Akapita na mkongojo wake, akaiangalia picha, akaniuliza msichana wangu anakuja lini. Nikamwambia karibuni.

Makazi nikapewa. Nikasubiri kidogo, kisha nikapeleka maombi ya kukudhamini, safari hii nikisema ukweli wote, na barua ya kukhu iliyothibitishwa kwa wakili wa Bungoma. Wakataka DNA. Ulipelekwa Nairobi ukafutwa ndani ya shavu kwa pamba, nadhani unakumbuka, ulinipigia ukalalamika kwamba hukununuliwa chipsi. Majibu yakaja kwamba wewe ni mwanangu bila shaka yoyote. Nilicheza jikoni, ajuza akanipigia makofi.

Baada ya miezi wakaniandikia kwamba maombi yamekataliwa. Nikaenda kumwona mtu wao ofisini, nikamwekea ile karatasi ya DNA mbele. Alikuwa kijana mstaarabu, hata alinisukumia sanduku la tishu. Akanieleza pole pole kama unavyowaeleza wagonjwa wako: hatubishi kwamba ni mwanao. Tunachosema ni kwamba ulipokuwa unaingia hukutuambia kwamba yupo, kwa hiyo hakuchunguzwa, kwa hiyo hamo katika jamii ya watu unaoweza kuwadhamini. Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema sheria haina mpaka lini.

Bado naona sheria hiyo ni katili. Mtoto wa miaka tisa hakusaini chochote, na yeye ndiye aliyeadhibiwa. Niliwachukia watu wale kwa muda mrefu, ilinisaidia kulala. Lakini walikuwa wameniuliza swali moja, tena kwa lugha niliyoielewa, na jibu nililiandika kwa mkono wangu.

Kosa la pili unalijua ila hujui sababu yake. Mtu fulani aliniambia nikishakuwa raia mambo yatakuwa mengine, raia hawamchezei. Nikashika hilo kama dini. Kupata uraia kule kunataka uwe umekaa ndani ya nchi siku za kutosha, na kila siku unayokaa nje haihesabiwi. Basi nikawa mchoyo wa siku. Sikuja Krismasi. Sikuja ulipoingia kidato cha kwanza. Na ulipopasuliwa tumbo pale Lugulu, kukhu akanipigia kutoka hospitalini analia akisema, "Nasimiyu, kuja umwone, mutoto anakutaja," mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kalenda. Nikamwambia kazini wamekataa kunipa ruhusa. Hawakukataa, Naliaka. Sikuomba. Niliogopa kupoteza siku zangu, maana nilikuwa nazikusanya kwa ajili yako.

Ulipona, ukasahau, au unasema umesahau. Mimi kila nikikuona umevaa gauni la kubana nauona ule mshono hata kama umefunikwa.

Halafu kukhu akafa, na hapo nilikuja, siku zipotee zisipotee. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, mrefu, hutaki kushikwa. Pale kwenye kaburi walisoma wasifu wake. Msomaji akataja watoto wa marehemu mmoja mmoja, Barasa, Nasimiyu, na wengine waliotangulia, akamalizia, "na kitinda mimba wake, Naliaka, ambaye anaachwa yatima." Watu wakalia kwa ajili yako. Tulikuwa tumesimama mstari mmoja, wewe kando yangu, bega lako linagusa mkono wangu. Ulisimama mbele ya kipaza sauti ukamsomea mama yako risala, ukasema huna mama tena. Nami nikapiga makofi pamoja na wengine. Kijiji kizima kilijua mama yako yuko pale, amevaa koti la ng'ambo, na kikaheshimu karatasi.

Ningeweza kusema siku hiyo. Niliona haya. Nikapanda ndege nikarudi kumalizia siku zangu.

Kiapo nilikula majira ya baridi, katika ukumbi wenye bendera nyingi na keki. Watu walikuwa wakilia kwa furaha, wakapiga picha na mimi nikilia, wakadhani tunalia kitu kimoja. Kesho yake nilikuwa nimeshafika ofisini kuuliza. Nilidhani mtoto wa raia ni raia. Wakasema ndiyo, kama mzazi alikuwa raia mtoto alipozaliwa. Mimi ulipozaliwa nilikuwa mwanafunzi wa Matulo mwenye sare iliyochanika. Na kuhusu kukudhamini, uraia haukuwa umefuta kitu. Ile fomu ya kwanza ilikuwa bado inanifuata, na itanifuata hadi kaburini.

Hapo ndipo nilipopaswa kurudi nyumbani, siku hiyo hiyo. Sikurudi. Nilikaa tena miaka, nikituma karo na viatu, kwa sababu sikujua ningekuja kukuambia nini. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko hata fomu. Fomu niliijaza kwa woga na nilikuwa mchanga, lakini ile miaka ya mwisho hakuna aliyenishikilia. Nilipokuja kuhamia hapa Kitale ulikuwa umeshaingia chuo cha uuguzi, umeshakuwa mtu wako. Ulikuja kunisalimia kama mgeni, ukaketi ukingoni mwa kiti. Kuniita mama ulianza baadaye sana, na mpaka sasa ukikasirika unaniita Nasimiyu. Sikulaumu. Naitika yote mawili.

Sasa sikiliza kwa nini nilinyamaza Jumapili.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida. Niliogopa upoteze nafasi yako. Ukiwaandikia kwamba umezaa, viza itasimamishwa. Itabidi Wekesa apate cheti na pasipoti, apimwe, na vipimo vyako vya mwaka jana vitakuwa vimeisha, utapimwa upya. Baba yake naye, popote alikotokomea huko Eldoret, huenda akahitajika aweke sahihi yake, na wewe mwenyewe uliapa hutampigia tena. Inaweza kuchukua mwaka. Na siwezi kukuahidi kwamba mwisho wake watakubali, mimi si afisa wao. Wakati huo wote utakutana sokoni na watu waliokuombea Jumapili, waliokuletea kuku na leso, wakikuuliza kwa utamu, "Kwani wewe hukuwa umeenda?" Najua jinsi hilo linavyouma. Watu wetu wengi wamepanda ndege wakijua wanakosea, kwa sababu sherehe ya kuwaaga ilikuwa imeshafanywa na kuku wameshaliwa.

Sababu ya pili sijawahi kuisema kwa sauti hata nikiomba.

Namtaka Wekesa. Tangu tulipoanza kumzoesha chupa na kumlaza kwangu ili asikusumbukie ukienda, nimekuwa na furaha ambayo nilidhani imenipita. Naamka kabla hajalia. Namnusa kichwa. Kukulea wewe sikukulea, na huyu hapa amekuja, ana masikio yako, na watu wa nyumbani wenyewe wanasema niandikwe mimi ndiye mama. Khocha alipolitamka lile neno pale sebuleni, moyo wangu uliruka kabla ya akili. Ndiyo maana nilijibu haraka.

Jana ulipokwenda mjini kubadilisha pesa alilia sana, akakataa chupa. Nikambeba, nikazunguka naye nyuma ya nyumba, karibu na magunzi, nikimbembeleza. Nikajisikia nikisema, "Nyamaza, mama yuko hapa." Akanyamaza. Akanitazama vile wanavyotazama wakishatulia. Nikaacha kuzunguka, kwa sababu nilielewa kukhu alivyojisikia siku ile aliponiambia nirudi shule, na nikaelewa pia kitu alichonichukulia bila kujua. Alinipenda na akanichukulia mtoto, yote mawili, na sikuwahi kujua nimlilie lipi. Sitaki wewe uje unililie hivyo.

Kwa hiyo leo mchana, ulipokuwa saluni unasuka, nimefanya mambo bila kukuuliza. Nimempigia khocha nikamwambia asimwone naibu wa chifu, sitaki. Akawaka. "Nasimiyu, ati sasa unataka kumharibia mutoto wako maisha? Si wewe uliishi huko ukakula vizuri? Sasa yeye asiende?" Nikamwambia aende, lakini aende akiwa na mtoto kwenye karatasi, hata kama mkononi hayupo. Akasema nimekuwa Mzungu. Akakata simu. Atarudi tu, Krismasi ikikaribia huwa anarudi.

Ile karatasi ya hospitali ya kuonyesha Wekesa amezaliwa, ambayo khocha alitaka niipoteze, iko ndani ya bahasha hii. Isome vizuri. Mahali pa mama kuna jina lako. Hilo lisibadilishwe na mtu, hata mimi nikija kukubembeleza baadaye kwa machozi. Hata ukiondoka bila kuwaambia, mimi sitaandikwa. Na lile wazo la kumpeleka kama mwanangu lisahau kabisa. Watataka DNA, walishanidai mara ya kwanza, na safari hii damu ingesema mimi ni nyanya yake.

Uamuzi ni wako. Nasema kwa dhati, si kwa ujanja wa wazazi. Una miaka ishirini na sita na mimi sina haki ya kukuzuia kwa miaka ambayo sikuwepo. Kama utaona ni heri uende uanze maisha, nitabaki naye, nitampenda, nitamwambia kila siku jina la mama yake, na sitakulaumu mbele ya mtu. Lakini ujue unachokichagua. Mimi nilichagua bila kujua, na yule kijana wa tishu hakuwa na la kunisaidia. Wewe bado una usiku mmoja ambao mimi sikuupata. Hawajakuuliza bado. Ukurasa wao wa kuandikia taarifa uko kwenye simu yako, ni maneno machache tu: nimepata mtoto, jina lake Wekesa, nimwandike vipi. Ukiyatuma kabla ya kuondoka hujadanganya mtu yeyote. Wewe ni mwanamke aliyezaa akingoja viza, na wanawake huzaa.

Ukiyatuma, usipande hiyo ndege. Mabegi tutayafungua pamoja, na watu wa sokoni niachie mimi, mdomo ninao, huo nilijifunza kwa yule ajuza. Ukirudi kazini au usirudi, utakula hapa. Tutangoja wote watatu.

Dereva wa kukupeleka kesho uwanja wa ndege wa Eldoret nimemwambia asitoke kwake mpaka umpigie wewe mwenyewe. Ameshangaa, nikamwambia ndivyo msafiri anavyotaka.

Nikimaliza barua hii nitamchukua Wekesa kutoka kitandani kwangu nimlete kwako, nimlaze upande wa ukutani, na bahasha niiweke kati yenu. Bado hajazoea chupa vizuri, ataamka kabla ya alfajiri na atalia. Nitamsikia, maana ukuta wetu ni mwembamba na mimi siku hizi silali. Sitakuja. Akilia, Naliaka, amka wewe.

Mama yako,
Nasimiyu